Kibubu cha sadaka kimejaa, na sasa kinatugombanisha

BARUA

Kwako Mshauri,

Pokea salamu zangu. Ninaandika usiku, wenzangu wote wamelala, na mbele yangu hapa sebuleni ipo ndoo ya kupigia deki iliyojaa sarafu, na kando yake dumu la plastiki la lita tano lililokatwa shingo, nalo limejaa sarafu. Kwa mizani ya bafuni vyote viwili vinapita kilo 40. Sikudhani hata siku moja kwamba chenji ingeweza kuninyima usingizi, lakini ndivyo ilivyo, na kwa kuwa sina mtu wa kumweleza bila maneno kumrudia mume wangu au ndugu zake, nimeona nikuandikie wewe.

Nianze mwanzo. Miaka 12 iliyopita mtoto wetu wa mwisho alizaliwa kabla ya siku zake, tukakaa naye hospitalini wiki saba. Kulikuwa na chama cha hisani kilichowalipia wazazi walioshindwa gharama, na ingawa sisi hatukufikia hatua hiyo, mama wa kitanda kilichopakana na changu alilipiwa kila kitu, nami nikamwona akilia kwa namna ambayo sijaisahau. Tuliporudi nyumbani mume wangu alichukua dumu tupu, akalipasua tundu kwa kisu cha moto, akaliweka nyuma ya mlango wa jikoni, akasema kuwa tangu siku hiyo chenji yoyote itakayolala ndani ya nyumba yetu ni ya watoto waliolazwa. Nilikubali kwa moyo wote. Dumu la kwanza lilipojaa tukaanza la pili, na mtoto yuleyule, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kuandika, akalibandika karatasi ambayo ipo hadi leo: "Za wagonjwa. Usiguze." Hivyohivyo, kwa herufi z.

Ni lazima niseme ukweli kwamba sehemu kubwa ya sarafu hizo haikutiwa na mume wangu wala na mimi. Ilitiwa na msaidizi wetu wa nyumbani, ambaye watoto wanamwita dada, na ambaye ametimiza miaka 9 akiwa nasi. Yeye ndiye anayefua. Kabla ya kuloweka nguo huipekua mifuko yote, na sarafu anazozikuta huzipanga kwenye ukingo wa dirisha la jikoni, kubwa kushoto na ndogo kulia, kisha jioni, akiisha kumaliza kazi, huzitia moja moja kwenye tundu. Nyingine huzitoa chini ya makochi na ndani ya mikoba yangu ya zamani. Hakuna aliyemwagiza. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kumtilia shaka hata ya sarafu moja. Mimi mwenyewe siwezi kujisemea hivyo, maana miaka mitatu iliyopita nilichota nauli ya wiki nzima, nikajiapiza kuirudisha, na sikuirudisha.

Wiki tatu zilizopita mama yake alianguka, akavunjika nyonga. Madaktari wamesema anahitaji upasuaji, na ukoo umegawana gharama, kila mtoto na fungu lake. Usiku mmoja baada ya chakula alikuja akasimama mlangoni, akaomba tumkopeshe mshahara wa miezi mitatu, tuwe tunamkata kidogo kidogo. Mume wangu alimjibu kwa upole kwamba mwezi huu hali si nzuri. Mimi nilinyamaza. Hali kweli haikuwa nzuri, kwani tulikuwa tumetoka kulipa ada za watoto wawili. Akashukuru, akarudi jikoni.

Siku nne baadaye, siku ya Jumamosi, mume wangu akasema kibubu kimejaa na wakati wa kutimiza ahadi umefika. Tulitandika shuka sebuleni. Dumu la zamani lilipasuka kitako tulipoliinua, sarafu zikatawanyika hadi chini ya kabati, na dada, aliyekuwa akipita na trei ya vikombe, akaiweka trei chini, akapiga magoti, akaanza kuzikusanya. Kisha akakaa nasi kuhesabu. Ana mkono mwepesi kutushinda sote: alizipanga kumikumi, akiyasawazisha mafungu kwa ukucha wa kidole gumba, bila kusema neno. Tulihesabu kwa saa tatu. Jumla ilipotajwa, hesabu ikajipiga yenyewe kichwani mwangu: ilikuwa ni mshahara wake wa miezi minne na siku kadhaa. Nina hakika naye aliipiga.

Usiku huo binti yetu mwenye miaka 17 alinifuata chumbani akaniambia, "Mama, tumemhesabisha pesa tulizomnyima." Sijapata la kumjibu mpaka leo.

Binti anataka zote apewe dada, na kila nikijaribu kumtuliza ananiambia usiache mbachao kwa msala upitao. Baba yake hataki hata kusikia. Anasema ahadi ni deni, na kwamba sarafu hizo zilikoma kuwa zetu pale zilipopita kwenye tundu la dumu. Kumpa mfanyakazi wetu, anasema, ni kuzirudisha mfukoni mwetu kwa kupitia mlango wa uani, kwa sababu tutakuwa tumejipunguzia mzigo ambao ungekuwa wetu. Amekwisha kuwapigia simu wale wa chama, wametupangia siku, na watatupiga picha kwa ajili ya jarida lao. Baba na binti sasa wanasalimiana tu.

Juu ya hayo, watu wa chama wametuambia kwa adabu kwamba wangependelea tuziweke benki kwanza, kisha tuwatumie fedha kwenye akaunti yao. Benki nayo inataka tuzitenge kwa thamani na kuzifunga mafungu, na inatoza ada ya kuzihesabu. Ndani yake zimo pia sarafu za nchi nyingine na zile ambazo hazitumiki tena. Nimeanza kujiuliza kama hii ni sadaka kweli, au tunatafuta tu mahali pa heshima pa kutupia vitu vilivyotujazia nyumba.

Mshauri, nifanye nini? Nikimuunga mkono mume wangu, nitamtazamaje dada kila asubuhi? Nikimuunga mkono binti yangu, si nitakuwa nimewafundisha watoto kwamba ahadi huvunjwa ikishakuwa ngumu?

Ndimi,
Mama wa Kibubu

JIBU

Ndugu yangu Mama wa Kibubu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimejikuta nikisimama mahali palepale. Unaniuliza sarafu ziende wapi, kwa wagonjwa wa hospitalini au kwa msaidizi wako, na umezipanga pande hizo mbili kama mizani: huku mume na ahadi, kule binti na huruma, nawe katikati umeshika ndoo. Hata hivyo, mahali ambapo barua yako inauma si kwenye ndoo. Ni pale mlangoni, baada ya chakula cha usiku, alipoomba, mume wako akajibu, nawe ukanyamaza. Umeyaandika maneno hayo mawili, "Mimi nilinyamaza," ukapita haraka. Niruhusu niyarudie baadaye.

Kwanza niitendee haki hoja ya mume wako, kwa maana nadhani binti yako anaichukulia kwa wepesi. Mtu aliyeweka nia ya kutoa akiwa ametoka kumuuguza mtoto mchanga, akaishikilia nia hiyo kwa miaka 12 bila kulegea, si mtu wa kubezwa. Lakini lugha yetu ina maneno matatu kwa jambo hili, na nyumba yenu inayatumia kana kwamba ni moja. Nia ni jambo la moyo, na mwenye nayo anaweza kuibadilisha akiona sababu. Ahadi ina mtu wa pili aliyeisikia na kuitegemea. Hapo ndipo inapokuwa deni, na mwenye kulidai au kulisamehe ni yeye. Nadhiri huwekwa mbele ya Mungu. Ikiwa mume wako, siku ile ya kisu cha moto, aliweka nadhiri, basi si mimi wa kuifungua, na ningewaomba mwende kwa kiongozi wa dini yenu kabla ya kugusa chochote. Ikiwa ilikuwa nia iliyogeuka kuwa ahadi wiki hii tu, alipopiga simu, basi mnaye mtu wa kuzungumza naye: watu wa chama wanaweza kuelezwa kuwa siku imesogezwa. Je, umewahi kumuuliza ni ipi kati ya hizo tatu? Ninahisi hajawahi kuulizwa kwa utulivu, bali amewahi kupingwa tu.

Na maneno yenyewe yalikuwa yapi? Yeye anakumbuka watoto waliolazwa. Mtoto wenu, aliyeyasikia kutoka kwenu, aliandika "za wagonjwa". Sisemi karatasi ya mtoto wa darasa la kwanza igeuzwe hati ya kisheria, hasa ikiwa na ile z, lakini inaonyesha kwamba hata ndani ya nyumba moja ahadi hii imekuwa ikisikika kwa namna mbili, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuuliza kwa sababu dumu lilikuwa halijajaa.

Sasa nije kwenye sentensi ya mume wako ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote ulizoninukulia. Amesema kumpa msaidizi wenu ni kujipunguzia mzigo ambao ungekuwa wenu. Nakubaliana naye. Ila tazama amekiri nini ndani ya maneno hayo: kwamba upo mzigo, na kwamba ni wenu. Kama ni hivyo, hoja yake inazuia sarafu za sadaka zisitumike kulipa jambo linaloihusu mifuko yenu, na hapo yuko imara. Lakini haizuii mifuko yenu yenyewe. Kinyume chake, inaielekeza mifuko hiyo mlangoni. Nadhani mume wako na binti yako wako karibu zaidi kuliko wanavyojua.

Kumbuka pia aliloomba. Hakuomba sadaka. Aliomba mshahara wake mapema, akataja mwenyewe jinsi ya kukatwa. Mtu anayeomba hivyo amekuja kama mfanyakazi anayejua thamani ya kazi yake, na miaka 9 ya kazi ni dhamana ambayo benki nyingi zingeitamani. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, ulitungwa kusisitiza jambo linaloonekana dogo, kwamba wanaofanya kazi majumbani mwa watu ni wafanyakazi, wenye kustahili malipo ya uhakika angalau mara moja kwa mwezi, mapumziko, na kinga ya hifadhi ya jamii kama wengine. Sikutajii hili ili kukushtaki. Nalitaja kwa kuwa mfanyakazi wa ofisini aliyefikwa na msiba wa namna hii huwa na pa kwenda, chama cha akiba na mikopo au bima ya mwajiri, na wa nyumbani mara nyingi hana ila mlango wa sebuleni. Ukimjibu ombi la mkopo kwa sadaka, hata kwa mapenzi makubwa, utakuwa umembadilishia kiti alichokalia. Huenda asijali. Huenda akajali sana asiseme.

Hapo niulize jambo lingine. Unasema una hakika kwamba naye alipiga hesabu ya miezi minne. Una hakika kwa lipi? Alinyamaza, ndiyo; lakini mtu ambaye mama yake amelala na nyonga iliyovunjika ana sababu nyingi za kunyamaza. Inawezekana aliwaza mlivyowaza ninyi. Inawezekana vilevile kwamba alikuwa akizihesabu sarafu ambazo yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alizikusanya kwa ajili ya wagonjwa, na kwamba kazi ile ilimpa faraja kidogo. Usimwekee usoni hatia iliyo moyoni mwako, kwa sababu ukishafanya hivyo utaanza kumkwepa, naye atakusoma kuwa umemchoka. Tena usisahau kwamba katika kibubu hiki yeye si mtu wa pembeni. Hakuna aliyemwagiza, umesema mwenyewe. Sarafu iliyosahaulika mfukoni mwa mtu haikuwa sadaka mpaka pale mtu mwingine alipoitoa, akaikausha, na kuitia tunduni. Siku ya picha itakapofika, yeye atakuwa amesimama wapi?

Nizipitie njia zilizopo, kila moja na hatari yake.

Mnaweza kutimiza ahadi kama ilivyo na, kando kabisa ya sarafu, kulifungua upya lile ombi lake. Ugumu wake ni fedha, kwa kuwa hali ya mwezi ule haijabadilika kwa sababu ya barua. Lakini miezi mitatu aliyoomba haikuwa lazima iwe jibu la ndiyo au hapana. Ingewezekana kuwa mwezi mmoja sasa na mwingine baadaye. Ingewezekana ninyi ndio mkope mahali ambapo yeye hakopesheki. Mkikubaliana, liandikwe, na makato yawe ya kubebeka: mshahara wa miezi mitatu ukirudishwa kwa miezi 12 unamkata robo ya kipato kila mwezi, na kwa miezi 18 unamkata sehemu moja ya sita. Robo inaweza kuwa nyingi kwa mtu ambaye sasa atakuwa na mgonjwa wa kumtunza.

Njia ya pili ni kukopa kwenye kibubu chenyewe: ahadi isogezwe, isivunjwe. Naiona ina mvuto, na ndiyo maana naiogopa. Wewe unajua kilichoipata nauli ya wiki ile. Kinachochotwa kwa nia njema kutoka kwenye chombo kisicho na daftari hurudi kwa shida. Mkiichagua, deni liwe la nyumba na si lake, yaani ninyi mkope kwenye kibubu na mkirudishie kwa tarehe, na yeye adaiwe nanyi tu. Isije ikawa dada anafua huku akijua kwamba anadaiwa na watoto wagonjwa. Huo ni mzigo ambao sitamani mtu yeyote aubebe.

Kumpa zote, kama anavyotaka binti yako, kunaweza kumwokoa mgonjwa mmoja unayemjua jina, na si jambo dogo hilo. Hatari yake ni kwamba mume wako atakuwa ameshindwa mbele ya watoto wake katika jambo alilolilinda miaka 12, na dada atajua. Nyumba haina siri kwa mtu anayeifagia. Akihisi kwamba baba na mtoto hawasemezani kwa ajili yake, anaweza kufanya kile ambacho wengi wenye staha hufanya, akafunga mzigo wake na kuaga kwa kisingizio cha kwenda kumuuguza mama. Mwambie binti yako hivyo, na umwambie pia kwamba aliona jambo ambalo watu wazima wawili hawakuliona. Anastahili kusikia yote mawili.

Kugawanya nusu kwa nusu sina mengi ya kusema. Kuna nyumba ambamo kunafaa. Kwa mume aliyesema zilikoma kuwa zetu, nusu ni sawa na zote.

Katika haya yote muda si sawa kwa pande mbili. Sarafu zimelala miaka 12 na zinaweza kulala mwezi mwingine bila kumdhuru mtu. Nyonga iliyovunjika haiko hivyo: madaktari huharakisha upasuaji wake, na kwa mtu mzima huutaka ufanyike ndani ya siku moja au mbili inapowezekana, kwa sababu kulala muda mrefu huleta vidonda, nimonia na damu kuganda. Umeniandikia baada ya wiki tatu, na barua yako haisemi kama upasuaji umefanyika. Yaelekea hujamuuliza, kwa kuwa kuuliza ni kurudi pale mlangoni.

Kuhusu aibu yako ya kutoa chenji, hapo ningependa nikutoe wasiwasi kidogo. Mwaka 1938 huko Marekani, Rais Franklin Roosevelt alipoanzisha mfuko wa kupambana na polio, mchekeshaji Eddie Cantor aliwaomba wananchi watume kila mmoja sarafu ya senti kumi moja kwa moja Ikulu. Zikafika sarafu 2,680,000, ndani ya bahasha za barua, hata barua za kazi zikapotea katikati yake. Mfuko huohuo ndio uliogharamia utafiti wa Jonas Salk, ambaye chanjo yake ilitangazwa kuwa salama na yenye kufanya kazi mwezi Aprili 1955. UNICEF nayo tangu mwaka 1987 imekuwa ikikusanya sarafu za kigeni zinazobaki mifukoni mwa abiria wa ndege, fedha ambayo wenyewe hawangeweza kuitumia popote wafikapo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na walioketi kuyasema hayo hawakuuliza kama kilichotolewa kilikuwa noti.

Ila swali lako lina upande ambao siwezi kuufuta kwa historia. Kumpelekea mtu kilo 40 za chuma, naye atafute gari, mfanyakazi wa kuzihesabu na ada ya benki, ni kumpa zawadi pamoja na kazi. Ada hiyo ikikatwa kwenye sarafu, anayeilipa ni mgonjwa. Ikitoka mfukoni mwenu, sadaka inabaki nzima. Hesabu yenyewe si ngumu, kwa kuwa sarafu za aina moja na toleo moja huwa na uzito mmoja: pimeni mia moja za kila aina, na zilizobaki zihesabiwe kwa mizani. Msizisugue kwa siki ili zing'ae, kwa maana nyingi za siku hizi ni chuma kilichopakwa utando mwembamba tu wa nikeli au shaba. Msijaribu pia kuzimaliza kwa kulipia kitu kimoja kikubwa. Katika nchi zinazotumia yuro, kwa mfano, sheria haimlazimishi mtu kupokea sarafu zaidi ya 50 kwa malipo mamoja, na mahali pengi pana kikomo cha namna hiyo. Wafanyabiashara wadogo walio na shida ya chenji mara nyingi hufurahi kubadilishana nanyi kwa noti bila ada yoyote. Zile zisizotumika tena zitengeni na kuuliza benki kuu ya nchi husika, kwa sababu taratibu hutofautiana sana: Ujerumani bado inabadilisha sarafu zake za mark bila ukomo wa muda, ilhali Ufaransa ilifunga mlango kwa sarafu za faranga mwezi Februari 2005.

Kuna njia rahisi kuliko zote, ambayo ni kuzinunua sarafu zenu wenyewe: mnatuma kwenye akaunti ya chama kiasi kilekile kwa mara moja, kisha sarafu mnazitumia taratibu nyumbani. Ni safi na haina ada ya kuhesabu. Lakini kama akaunti yenu inaweza kutoa mishahara minne wiki hii kwa ajili ya chama, basi jibu mlilompa dada kwamba hali si nzuri litahitaji kuangaliwa tena. Sisemi mlimdanganya. Watu wengi tunayo "hali" ya matumizi na "hali" ya sadaka, na hatuzikutanishi mpaka siku moja zinamwagika kwenye shuka moja.

Ile nauli irudishe, hata kidogo kidogo. Hapo sitakuzungusha.

Unapoamua kuzungumza na mume wako, ningekuomba usianze na maneno ya binti, wala na mishahara minne. Anza na yale maneno yako mawili. Mwambie, "Siku ile nilinyamaza, na tangu siku ile silali." Akikujibu kwa ahadi, muulize ni nia, ahadi au nadhiri, umsikilize mpaka mwisho, kwa kuwa huenda katika wiki zile saba alisema jambo ambalo hajawahi kukusimulia. Muulize kama ombi la mkopo lingekuja siku ambayo kibubu hakijafunguliwa, mngelijibu vipi mkilifikiria kwa siku mbili badala ya dakika mbili. Hujui atasema nini, nami sijui.

Na kabla ya mazungumzo hayo, kesho asubuhi, atakapokuwa akizipanga sarafu dirishani, muulize dada kuhusu mama yake: amelazwa wapi, amefanyiwa upasuaji au bado, fungu lake limefika wapi. Usimwahidi kitu. Kisha niandikie tena unieleze mama huyo anaendeleaje.

Wako,
Mshauri